"Bado Kidogo": Msaga unga wa Nachingwea aliyezikiwa programu tatu

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya mavuno, na mashine ya kusaga ya Mzee Dastani karibu na soko la Nachingwea imekwisha kuanza kunguruma. Ndoo, madebe na sado zimepangwa mstari kutoka kwenye mzani mpaka barabarani, kila moja imefungwa kitambaa chake. Ndani, Jamali Shaibu yuko mweupe kuanzia nywele hadi kandambili. Ukimtazama unaona macho na meno tu, tena meno kwa nadra, maana leo hacheki.

"Mwali wetu katoka!" anadakia mama mmoja, na foleni nzima inaangua kicheko.

Jamali anaendelea na kazi. Mkono mmoja unasukuma mahindi kwenye kinywa cha mashine, mwingine unafunua kipande cha khanga kilichofunika kompyuta yake ya kupakata. Anachungulia kioo, anafunika tena. Kila akifunika, anatupa jicho mlangoni, ambako Bi Biasha, muuza vitumbua, ameketi kwenye kigoda kando ya karai lake. Magotini pake pana mkeka uliokunjwa.

Mkeka ule ni wa msiba. Marehemu bado hajafa, lakini Bi Biasha amewahi nafasi ya mbele.

Anayesubiriwa kukata roho ni programu ya kompyuta, ya nne aliyoianza Jamali. Tatu zilizotangulia zilifariki zikiwa changa, na zote zilizikwa hapahapa mlangoni, kwa kilio, kwa wasifu wa marehemu na kwa jogoo wa ubani aliyetolewa na mfiwa. Aliyeongoza maziko yote ni Bi Biasha, ambaye ukoo wake na ukoo wa kina Jamali ni watani tangu enzi za mababu. Na mtani, kama ajuavyo kila aliyekulia huku, hakasirikiwi.

"Safari hii sitaki jogoo," anasema Bi Biasha, akigeuza vitumbua bila kuvitazama. "Jogoo zake nimekula mpaka nimeanza kuwika. Leo ikifa, naondoka na kompyuta."

Watu wanacheka. Jamali hacheki, kwa sababu anajua kwamba safari hii mtani wake hatanii.

Jamali ana miaka thelathini na sita, na tisa kati ya hiyo ameimaliza akisaga nafaka za watu. Ukifika Nachingwea ukamuulizia kwa jina lake, utazungushwa mji mzima. Muulizie Bado Kidogo, utashikwa mkono mpaka mashineni. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua, kwa kuwa kila alipoulizwa programu yake imefikia wapi, alijibu hivyohivyo: "Bado kidogo."

Alimaliza kidato cha nne, matokeo yake hapendi yaandikwe gazetini. Kompyuta aliipata kwa Mwalimu Fortunatus, anayefundisha sekondari huko Ruangwa, ambaye alikuwa amenunua nyingine na hii ikamkaa kooni. Walibadilishana: mwalimu akachukua gunia zima la ufuta kutoka shamba la Jamali la Mtua, Jamali akachukua kompyuta iliyokuwa na bawaba moja.

"Gunia zima!" anasema Raudha, mkewe, na ukimsikia utadhani ni jana. "Tungeezeka jiko. Mimi mpaka leo napika nikitazama mawingu."

Kuandika programu alijifundisha kwa video za kwenye simu, nyingi zikiwa za Kiingereza cha Wahindi, ambacho anaapa alikielewa kuliko cha mwalimu wake wa kidato cha pili. Basi akaanza. Kuanza, jamani, hakuna mtu Nachingwea anayemweza Jamali kwa kuanza.

Ya kwanza ilikuwa kamusi ya Kimwera. Alizunguka kwa mabibi akikusanya maneno, akaifikisha herufi ya ch, ikakwama. "Kwa Kimwera ch haina mwisho," anajitetea. "Unafungua mlango mmoja unakuta ukumbi."

Ya pili ilikuwa ya kuwakumbusha wakulima wa korosho siku za kupulizia dawa. Ilipokaribia kukamilika, msimu wa kupulizia ukawa umekwisha, akasema ngoja mwakani. Mwakani akawa anaifundisha kompyuta kucheza bao. Hiyo ndiyo iliyokwenda mbali kuliko zote. Ilifungwa na kila mtu wa kijiweni, na Jamali akawa anaipenda kama mwanawe, mpaka siku ilipomfunga yeye. Akaifuta.

"Niliona inanidharau," anasema.

Kwenye maziko ya kamusi, Bi Biasha alitandika mkeka, akajitanda khanga, akasoma wasifu mbele ya wenye ndoo. "Marehemu alizaliwa na afya njema. Akatambaa a, akasimama b, akafika ch akakabwa. Baba yake hakuwepo, alikwenda kumtafutia jina mdogo wake." Wanawake walicheka hadi wakashikana. Jamali naye alicheka, akatoa jogoo, akarudi nyumbani, akalala bila kula.

Mwalimu Fortunatus, aliyezungumza na gazeti hili kwa simu, anasema tatizo la rafiki yake si akili. "Jamali ana kipaji cha Jumatatu," anasema. "Ukimkuta Jumatatu atakueleza jambo mpaka utamani umpe nchi aongoze. Rudi Alhamisi. Atakueleza jambo jingine."

Mwenyewe hakatai. "Wazo likiwa jipya linanukia," anasema. "Ukishaanza kulifanyia kazi, linatoka jasho kama watu wengine tu. Hapo ndipo linapokuja jingine limeoga."

Lakini kuna linalomuuma kuliko vicheko vya mashineni. Baba yake, marehemu Mzee Shaibu, alijulikana Mtua nzima kwa jina la Msingi. Alichimba misingi mitatu ya nyumba, kila mmoja mahali pake, na hakuna hata mmoja uliopata ukuta. Mbuzi walikuwa wakizaliana mle. Jamali alikua akiitwa mtoto wa Msingi, na alimpenda sana baba yake, na bado aliona aibu.

"Mwaka huu binti yangu Sabaha amerudi kutoka shule analia," anasema, na hapa sauti inamshuka. "Nikamuuliza nani kakupiga. Akasema hakuna aliyempiga, wamemwita Sabaha Bado Kidogo. Nilikaa chini. Nikasema, jamani, sasa hii imekuwa ukoo."

Siku ileile alikwenda kwa Bi Biasha, mbele ya mashahidi, akaweka nadhiri: ataandika programu moja tu, na itakuwa imekwisha wiki ya kwanza ya mavuno. Isipokwisha, mtani achukue kompyuta, na yeye hatagusa nyingine maishani. Bi Biasha akatema mate pembeni, akakubali.

Programu yenyewe ni ya foleni. Ndoo haina miguu, lakini pale mashineni hutembea. Unaiacha ya tano, unakwenda kununua dagaa, ukirudi ni ya tisa, na hakuna aliyeiona ikiondoka. Watu wametupiana ngumi kwa ajili ya ndoo. Jamali akawaza: mtu akifika aandikwe jina na namba ya simu, aende zake, na zamu yake ikifika kompyuta imtumie meseji kupitia simu ya Jamali iliyounganishwa kwa waya.

Wazo lilinukia sana. Wiki ya pili likaanza kutoka jasho.

Hapa anaingia Letisia, mpimaji wa mzani na mpokea pesa, mwanamke wa Kimakonde mwenye maneno machache na jicho kali. Letisia ndiye aliyegundua jambo ambalo Jamali mwenyewe hakulijua: kwamba Jamali huandika umeme ukikatika tu. Mashine ikinyamaza, wateja wakitawanyika, yeye hukaa juu ya gunia na kompyuta yake yenye betri, na vidole vinajiendea vyenyewe. Umeme ukirudi, basi.

"Miezi ile umeme ulipokuwa ukikatika hovyo, ndiyo bao lilipokwenda mbali," anasema Letisia. "Umeme ulipotulia, mji mzima ukashukuru, yeye akadumaa."

Basi siku moja saa saba mchana, foleni ikiwa imepungua, Letisia alinyoosha mkono kwenye swichi kubwa, akaishusha.

"Umeme umekatika, kaka Jamali," alisema.

Jamali akachukua kompyuta yake bila kuuliza. Baada ya nusu saa umeme "ukarudi". Kesho yake, saa saba, ukakatika tena. Ukaendelea kukatika saa saba, kila siku ya Mungu, hadi wateja wakaanza kushangaa mbona redio ya saluni jirani inaimba.

"Ile ya betri," alijibu Letisia.

"Na yule fundi anayechomelea mageti?"

"Yule anachomelea kwa hasira."

Jamali anakiri kwamba alishtukia siku ya tatu. "Nikanyamaza. Nikikubali kwamba najua, ningebishana naye, ningesema leo sijisikii. Lakini nani anabishana na umeme? Ukikatika umekatika." Na hivyo ndivyo, nusu saa kwa nusu saa, mtu ambaye hajawahi kuvuka Alhamisi alivyojikuta amefika mavuno na programu mkononi.

Saa tatu na nusu Mzee Dastani anashuka kwenye pikapu yake kutoka Ruangwa, anakoishi na ambako ana mashine nyingine. Amesema kama kitu hiki kitafanya kazi atakipeleka na huko. Anavuta kiti, anapangusa unga, anaketi.

"Haya, Bado Kidogo. Nimekuja kuona."

Jamali anafunua khanga, anavuta pumzi, majina yanaanza kuingia. Akiwa na nafasi anaandika yeye, akiwa kwenye kinywa cha mashine anaandika Letisia. Mwanzoni mambo yanakwenda vizuri hadi mtu unaogopa. Kina mama wanaandikwa, wanakwenda sokoni, simu zinalia, wanarudi, wanasaga. Mama mmoja aliyekuja kwa lifti kutoka Kilimarondo anasema tangu aanze kusaga hapa, leo ndiyo mara ya kwanza kunywa chai akiwa amekaa mezani.

"Programu yako inanifukuzia wateja," Bi Biasha anamlalamikia Jamali. "Zamani walikuwa wanasubiri wakila."

Lakini mkeka haukunjuki wala hauondoki.

Kama saa tano hivi, kwa mbali, anaonekana mwanamke anakuja mbio katikati ya barabara, khanga moja kiunoni, nyingine inaburuta, mkononi mwiko ungali na ugali. Ni Raudha. Alikwisha saga debe lake zamani, akarudi nyumbani, akabandika sufuria. Anafika mlangoni, anaiinua simu yake juu.

"Laudha ni nani?"

Mashine inanguruma, Jamali hasikii. Anaweka kiganja sikioni.

"NASEMA, LAUDHA NI NANI?"

Hii inasikika hadi kwa wachoma mahindi. Raudha anaisoma meseji kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya umma: "Laudha, njoo sasa, zamu yako imefika. Jamali." Kisha anamgeukia mumewe. "Mimi siku za kawaida unaniita Mama Sabaha. Ukinibembeleza unaniita Raudha, na hiyo R unaivuta kama trekta linapanda mlima. Sijakusikia hata siku moja ukisema Laudha. Sasa huyu Laudha mwenye zamu, zamu ya nini?"

Jamali anafungua mdomo. Unga unaingia.

"Laudha si wewe?" anauliza Letisia kutoka mzanini.

"Mimi Raudha."

"Ndiyo. Laudha."

"Raudha!"

"Si ndivyo ninavyosema? Laudha."

Halafu Bi Biasha anapiga kigelegele. "Jamani, mtani wangu kaoa mke wa pili, na pilau hatukuitwa!"

Ikabidi mambo yafumuliwe uzi kwa uzi. Asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, Jamali alimwandika mkewe mapema, kama mume mwema, kwa R yake ya trekta. Raudha alipofika na debe, Letisia hakujua, akamwandika tena kama anavyomwita siku zote. Huku kwetu R na L ni watoto wa mama mmoja, ukimwita huyu anaitika yule, na hakuna aliyewahi kupotea kwa ajili hiyo. Kompyuta tu ndiyo iliyoona wanawake wawili, ikawapa zamu mbili.

Raudha anashusha mwiko. Lakini maelezo yale yamesikika na foleni nzima, na hilo ndilo kosa. Unaona akili zinazunguka nyuma ya macho. Kufumba na kufumbua, Beatrisi aliyekuwa wa mwisho anamwendea Letisia kumwambia kuna ndugu yake anaitwa Beatlisi. Marietha ana mdogo wake, Malietha. Catherine anamkumbuka pacha wake Catheline, ambaye hakuna aliyepata kumwona. Foleni inazaa mbele ya macho ya watu. Wenye majina yasiyo na R wala L wanakuja juu.

"Sisi akina Biasha tumekosa nini?" anafoka mwenye mkeka mwenyewe. "Tubatizwe upya?"

"Si utumie namba za simu?" Mzee Dastani anajaribu kusaidia.

"Mzee, hapa mtu mmoja ana laini tatu, na simu moja ina familia nne," anajibu Jamali.

Simu zinalia ovyo, ndoo zinasukumana, mtu amekanyaga mahindi ya mtu. Jamali anasimama katikati, mikono inaning'inia. Uso wake unaufahamu ukiwa umewahi kumwona mtu aliyechoka na kitu alichokipenda. Anaifunga kompyuta polepole.

"Nitaandika upya," anasema. "Kuna lugha nyingine nimeiona kwenye simu, hiyo ukiianza vizuri..."

Hakumaliza. Mkeka umetandikwa, paap. Bi Biasha amekwisha jitanda khanga. "Uwiii! Mtoto wa mtani wangu! Umekwenda umenyonya mara moja tu!" Anasogea kwa magoti hadi kwenye kompyuta, anaichukua, anaipakata. Jamali haizuii. Kwa mila haruhusiwi, na kwa nadhiri hana mdomo. Anaitazama tu inavyokwenda, na mtu yeyote mwenye moyo angeona kwamba hakuna utani tena pale.

"Gunia langu la ufuta," ananong'ona Raudha, na safari hii hasemi kwa hasira.

Ndipo mashine inapozima.

Inazima kwa ule mlio wake wa kushuka, mkanda unazunguka kivivu, unasimama, na mji mzima unasikika ghafla: kuku, redio ya saluni, fundi anachomelea. Letisia amesimama kando ya swichi kubwa, mkono bado uko juu yake.

"Umeme umekatika, kaka Jamali," anasema.

Mzee Dastani anainuka. "Nani kakata umeme?"

"Mgawo, mzee."

"Mgawo wa nani?"

"Wangu."

Lakini Jamali hayasikii hayo. Amekwenda kwa Bi Biasha, amepiga goti kwenye mkeka wa msiba wa kazi yake mwenyewe. "Naomba kidogo, mtani," anasema. "Umeme umekatika." Anaisema kana kwamba ni sababu inayojitosheleza, na Bi Biasha, ambaye hajawahi kurudisha hata unyoya wa jogoo, anaiachia kompyuta.

Jamali anakaa juu ya gunia. Vidole vinaanza. Watu wamesogea nyuma yake wanachungulia kama wanaona kitu. Anachokiandika, kama alivyoeleza baadaye, ni mstari mmoja tu: kabla ya kompyuta kulinganisha majina, kila R ihesabiwe kuwa L, ili nayo isikie kama sisi tunavyosikia. Anaigusa mara ya mwisho. Kwenye kioo Raudha na Laudha wanaingiana, wanakuwa mmoja. Beatlisi anatoweka. Malietha anatoweka. Catheline hata kwaheri hasemi.

"Mke wa pili kaondoka," anatangaza Letisia, na kicheko kinapasuka.

Na Jamali angeishia hapo, lakini vidole bado vinamwasha. Ameona kitu. Kuna Sara wa Mtua na Sala wa Kilimarondo. Wote walikusudiwa kuitwa Sara, ila mmoja aliandikishwa na bibi yake. Hawa ni watu wawili wa kweli, na sasa kompyuta imewafanya mmoja. Jamali anajikuna. Anasema labda atafute njia ya kuwatenganisha, kisha akishafika hapo atengeneze na ya wenye majina matatu, kisha...

"Sara na Sala wanajuana?" anauliza Bi Biasha.

"Wanajuana."

"Wana midomo?"

"Wanayo."

"Basi waache waitumie."

Mzee Dastani anamsogelea. Mzee huyu ameuliza swali hili kwa miaka, na analiuliza tena kwa sauti ileile. "Imeisha?"

Mashine imezima, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Jamali anaitazama kompyuta, anamtazama mkewe mwenye mwiko, anatazama chini. Mdomo wake unafunguka kwa mazoea.

"Ba..." anaanza.

Letisia anafumba macho.

"Ba... basi," anasema Jamali. "Imeisha."

Halafu analia. Analia bila kujizuia, mwanaume mzima wa miaka thelathini na sita, na machozi yakichanganyika na unga yanafanya uji mashavuni. Raudha anampangusa kwa ncha ya khanga, anaharibu zaidi. "Ila hiyo meseji ubadilishe," anamwambia. "'Njoo sasa' ni maneno ya mtu na mkewe."

Jamali anaitazama kompyuta. Vidole vinacheza. "Kesho," anasema, akaifunika. "Saa saba, mgawo ukifika."

Letisia anapandisha swichi. Mzee Dastani anataka kumuuliza zaidi kuhusu mgawo, lakini mashine inanguruma na Letisia, kwa bahati mbaya, hasikii.

Baadaye, vitumbua vikiwa vimekwisha, Bi Biasha anakunja mkeka wake. Nilimuuliza angeifanyia nini kompyuta, maana hata kuiwasha hajui. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga.

"Mwanangu, mtani ni wa kukucheka ili usife," akasema. "Tatu za mwanzo nilizizika nikicheka kweli. Leo nimelia kwa uongo, lakini moyoni nilikuwa namwomba Mungu nisije nikaipeleka nyumbani kwangu. Ningekuwa naitazama kila siku namwona yeye."

Jamali hakuyasikia hayo, na Bi Biasha aliomba asiambiwe kabla hayajatoka gazetini, ili asipate nafasi ya kumjibu.

Wiki ijayo Jamali anakwenda Ruangwa kuifunga programu kwenye mashine ya pili ya Mzee Dastani. Wateja wengi wa huko wanatoka vijiji vya Nanganga, na anajua watakuja na majina yao na ulimi wao. Mpango wake ni kwenda mara moja kwa wiki mpaka isimame yenyewe. Mawazo mapya anayo, amekiri, lakini amekataa kuyataja, anasema yakitajwa yataanza kunukia.

Kinachomtia hofu ni kingine. "Hapa ningeshindwa, ningezikwa," anasema, akizifuta nyusi zake nyeupe. "Ruangwa nina ndugu, nina marafiki. Lakini mtani sina. Nikiiacha njiani kule, watu watanionea huruma tu, wataninyamazia. Mtu akininyamazia, mimi naacha."

Bi Biasha, aliyekuwa akifunga karai lake, hakugeuka.

"Nauli kata ya watu wawili," akasema. "Mkeka hauna nauli."